Tuta Kando ya Kaburi la Kimya

Kila mji una jambazi wake, na kila jambazi ana msemaji wake. Msemaji wa Kimya alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti la kijani lililochanika kwapani, na watu walimwita Redio kwa sababu ukishamwasha hazimiki. Hakuajiriwa na mtu. Alijiajiri kwa mdomo, na mdomo ulimlisha. Asubuhi utamkuta ameegemea geti la makaburi akiwangoja vijana wenye simu, waandishi wa magazeti, na siku moja hata maharusi, maana siku hizi watu hawana haya, hupiga picha popote.

"Hapa amelala mtu aliyefungua benki kwa kunong'ona," ndivyo alivyoanza. Kisha angeeleza jinsi Kimya alivyoruka kutoka ghorofani akatua kwa miguu kama paka, na jinsi polisi walivyomwogopa hata maiti yake, wakaifunga pingu ndani ya sanduku. Mengi yalikuwa uongo mtupu, lakini ulimi hauna mfupa, na wageni hawakuja pale kutafuta ukweli.

Utamu aliuweka mwisho. Aligeukia tuta dogo lililokuwa kando ya kaburi la Kimya, tuta lisilo na jina wala jiwe la kichwani, akashusha sauti. Huyu hapa, alisema, ndiye mke aliyemuuza kwa polisi. Aibu ikamla, akafa, akazikwa hapa ili mumewe amlinde asitoroke. Vijana walicheka. Wengine walilipiga lile tuta teke, wakaenda zao.

Karibu nao palikuwa na mwanamke aliyeinama anafagia. Walimwita Mama Fagio, na hakuna aliyewahi kumwuliza jina jingine. Sasa nisikuzungushe: yeye ndiye alikuwa mke wa Kimya. Hakufa, hakumuuza mtu, na ndani ya lile tuta hamkuwa na kitu ila udongo. Alilijenga mwenyewe ili siku yake ikifika alazwe pale, ubavuni mwa mumewe.

Alimjua kabla hajawa Kimya. Wakati huo yeye alikuwa msichana wa kupiga pasi kwenye duka la dobi, chumba chenye joto kilichonuka wanga na nguo mbichi, na mwanamume alikuwa fundi baiskeli wa mtaa wa nyuma. Alileta shati lenye doa la grisi. Likasafishwa, akalirudisha na doa jingine, mahali palepale. Likasafishwa, likarudi. Dobi, mzee asiyecheka bure, akamwambia kama anamtaka msichana aseme, asiwamalizie sabuni. Kijana akasema, kwa sauti ya chini kabisa huku anatazama sakafu, na msichana akaunguza kola ya mteja mwingine.

Walipanga chumba kimoja chenye kitanda cha chuma na dirisha lililotazama ukuta. Mtu ambaye baadaye mji mzima ulifunga milango kwa ajili yake alikuwa anaogopa mende. Mende akikatiza sakafuni, bwana yuko juu ya kitanda, bibi yuko chini na kandambili mkononi. Tena alikuwa na miguu ya baridi, baridi isiyo na msimu. Usiku aliisogeza polepole chini ya shuka mpaka ikagusa ya mkewe, mke akaruka na kumtukana, naye akacheka bila sauti, kitanda chote kikitikisika. Watu wakifiwa hukumbuka maneno matamu. Mama Fagio alikumbuka ile miguu, na kila usiku wa baridi aliihitaji mpaka kifua kikamuuma.

Ni lini hasa fundi baiskeli aligeuka jambazi, hakuwahi kujua vizuri. Alianza kwa kuwafungulia watu makufuli waliyopotezea funguo, na mkono uliozoea kufungua kwa ruhusa ukazoea kufungua bila ruhusa. Marafiki wakabadilika. Mabegi yakaingia, mabegi yakatoka. Mke aliuliza, akadanganywa. Aliuliza tena, akaambiwa kweli, akalia, akaahidiwa kwamba mwisho wa mwezi mambo hayo yataachwa. Miezi iliisha mmoja baada ya mwingine, kama kawaida ya miezi, na hakuna kilichoachwa.

Na mtu asidhani hapa tunampamba. Kwenye wizi wa duka la dhahabu mlinzi mmoja alipigwa nondo akafa, baba wa watoto, na ingawa nondo haikuwa mkononi mwa Kimya, mlango aliufungua yeye. Mkewe alipopata habari alimtupia mto wake sakafuni, akamwambia alale na mende. Alijua mumewe ni mwizi, na alimpenda, na mambo hayo mawili yaliishi naye chumba kimoja bila kusalimiana.

Siku za mwizi ni arobaini, na za Kimya zilitimia asubuhi moja ya baridi kali. Alikuwa amejificha muda mrefu, na wenzake walimkataza katakata asikanyage kwake. Usiku akaja. Hakufuata kitu chochote. Alisema tu kwamba amechoka kulala peke yake, akaingia kitandani, akasogeza miguu. Alfajiri aliamka akavaa gizani ili asimwamshe mkewe, akatoka kwa kunyata. Hata hajafika kona ya mtaa, risasi zikalia.

Mke alikurupuka. Alipapasa chini ya kitanda atafute soksi avae viatu akimbie, akakuta soksi ya njano, yake, na ya kijivu, ya mumewe. Alielewa palepale kwamba mtu wake ameondoka na soksi za rangi mbili, moja yake na moja ya mkewe, na kwa sababu asiyoijua mwenyewe akazikumbatia zile zilizobaki na kutoka pekupeku.

Hakufika hata karibu. Watu walishajaa, na neno lilishapita mdomo kwa mdomo: kalala kwake, katoka kwake, basi nani mwingine kamuuza? Kulikuwa na walioshika mawe. Shangazi yake akamvuta kwa nyuma, akamwingiza nyumbani kwake na kufunga mlango. Siku polisi walipomzika Kimya, haraka haraka kama watu wanaokimbia mvua, mkewe alikuwa chini ya kitanda cha shangazi ameziba mdomo kwa khanga. Hakumwona uso. Hakumtupia hata konzi moja ya udongo. Hilo halikupoa, na usimwamini anayesema kwamba kila kitu hupoa.

Mji ulipochoka kumtafuta, alihamia upande ambako hakujulikana, akafunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, akaenda makaburini kuomba kazi ya ufagiaji. Msimamizi wa wakati huo alimwuliza kama haogopi wafu. Akajibu kwamba wafu hawajawahi kumtupia jiwe.

Kaburi la Kimya lilikuwa kwenye safu ya mwisho. Upande mmoja palikuwa na njia ya miguu, na upande wa pili palibaki nafasi ya kumtosha mtu mmoja. Nafasi ile ilimkosesha raha. Wachimbaji wa pale walikuwa na kanuni yao ya macho: penye usawa huchimbwa, penye tuta hupitwa. Hawakuuliza mtu, walitazama ardhi tu. Siku yoyote angeweza kufika na kukuta mgeni amelazwa pale, kati ya mumewe na yeye.

Basi akabadili namna ya kufagia. Wafagiaji wenzake walisukuma vumbi kuelekea njiani, yeye akalisukuma kuelekea kwenye ile nafasi. Vumbi, changarawe, udongo ulioporomoka makaburini mwa wengine, vyote vilikwenda kulekule. Haba na haba hujaza kibaba. Kiangazi kilipoisha palikuwa na kiinuko. Mvua zikakishindilia, nyasi zikaota, akakizungushia vijiwe na kupanda ua jekundu upande wa miguuni. Siku moja mchimbaji alikuja na sururu begani, akalitazama lile tuta, akapita. Mama Fagio alirudi nyumbani jioni ile anaimba, jirani akadhani amepata mchumba.

Kisha akatokea Redio, ambaye hapendi kona tupu kwenye hadithi. Alipomwuliza Mama Fagio nani amelala pale, alijibiwa kwamba hajulikani, na jibu hilo kwake lilikuwa kama kumpa chui nyama akutunzie. Wiki haikupita, tuta likawa la msaliti.

Kusema kweli Redio hakuwa mtu mbaya. Alimbebea ndoo ya maji na kumletea chai ya rangi kwenye chupa. Akishawaaga wageni humwambia, "Mama Fagio, leo nimemwua vizuri yule mwanamke, umesikia?" Naye hujibu kwamba amesikia. Angefanyaje? Akikanusha, ataulizwa kajuaje. Hivyo kwa miaka mingi alifagia huku akisikiliza habari za kifo chake mwenyewe, na wageni wakishaondoka alirudisha udongo waliouparaza kwa viatu vyao.

Msimamizi mpya alikuwa kijana wa viatu visafi na heshima yake, aliyewaamkia wafagiaji shikamoo kabla ya kuwatuma. Aliwakusanya akawaambia kwamba nafasi imekwisha. Makaburi ya zamani yasiyo na ndugu yatafunguliwa yapokee wengine, na mifupa itahamishiwa kwenye shimo la pamoja nyuma ya ukuta. Yenye ndugu hayataguswa, ila kwa ndugu wenyewe: mtu na mkewe, mtoto na mama yake. Atakayekuwa na mtu wake afike, asimame kaburini, aseme yeye ni nani kwake, na apatikane shahidi. Yatakayofunguliwa yatawekewa vigingi vyekundu.

Mama Fagio alihofia tuta lake. Kwa mumewe hakuwa na wasiwasi, mtu anayetembelewa kila siku kuliko waliolala pale wote. Lakini asubuhi vigingi vilipowekwa alivikuta viwili, kimoja kwenye tuta, kingine kwa Kimya. Alikwenda ofisini na ufagio wake mkononi kuuliza kama hawakukosea.

"Mama, wanaokuja pale ni watazamaji," msimamizi alimwambia kwa upole. "Ndugu yuko wapi? Tangu azikwe hajatokea hata mmoja."

Akaongeza kwamba wakubwa wake wangefurahi kaburi lile likipotea, wamechoka na makundi yale. Redio alipopata habari alijitangaza binamu wa marehemu. Msimamizi akamwuliza jina la mama wa marehemu, Redio akakohoa mpaka swali likapita, na ubinamu ukaishia hapo.

Usiku ule Mama Fagio alikaa kitandani na zile soksi mbili mapajani. Ili Kimya abaki, mtu mmoja alitakiwa aseme neno moja, na mtu huyo hakuwa mwingine. Lakini akilisema, atakuwa nani kesho? Atakuwa yule mwanamke wa Redio, anayepigwa mateke hata akiwa udongo. Jirani anayempa moto atafunga mlango. Akajaribu kujiambia kwamba mifupa ni mifupa, shimo la pamoja lina ubaya gani, aliye chini hajui. Kisha akawaza ile miguu imechanganywa na miguu ya watu wasiojuana, akazitia soksi kwenye mfuko wa gauni la kazi.

Asubuhi wachimbaji walianza na tuta, kwa kuwa lilikuwa dogo. Redio alikuwepo na kundi lake. Nje ya geti palikuwa na sanduku juu ya gari la kukokota, na mzee mmoja amesimama kando yake ameshika mkoba wa kike, wa marehemu mkewe, anangoja aambiwe atamweka wapi. Mchimbaji mkongwe kuliko wote, waliyemwita Mzee Sururu, aliondoa udongo wa juu kwa urahisi. Halafu sururu ikagota na kurudi. Akapiga tena, ikarudi tena. Akachuchumaa akaigusa ardhi kwa kiganja.

"Hapa hapajachimbwa tangu dunia iumbwe," akasema.

Redio, ambaye hadithi yake haikufa kirahisi, akasema kwamba basi mwanamke katoroka, si aliwaambia ana tabia hiyo? Watu wakacheka sana.

"Hakutoroka. Hajafika bado," Mama Fagio alisema. "Hapo nilijiwekea mimi."

Kicheko kikakatika. Msimamizi akamsogelea na kumwuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, yeye ni nani kwa Kimya.

"Mke wake."

Redio akasema mke wa Kimya alikufa zamani, kila mtu anajua.

"Wewe ndiye uliyeniua, Redio. Asubuhi unaniua, jioni unaniua. Mimi nilikuwa nafagia."

Kijana mmoja nyuma akasema basi ndiye huyu aliyemuuza. Ndilo neno lenyewe alilolikimbia ujana wake wote, na sasa lilikuwa limefika, limesimama mbele yake. Kumbe lilikuwa neno tu. Akamgeukia yule kijana.

"Sikumuuza, mwanangu. Alichoka kulala peke yake, akaja kwake. Mtu wako akija kulala, utamfukuza?"

Msimamizi akamkumbusha Mama Fagio, huku anaomba radhi, kwamba lazima apatikane shahidi. Mama Fagio hakuwa na shahidi. Shangazi alishakufa, dobi alishakufa. Akatoa zile soksi mfukoni, ya njano na ya kijivu, akieleza jinsi mumewe alivyovaa gizani asimwamshe, akachukua moja yake na moja ya mkewe. Alijua ni ushahidi wa kitoto. Alikuwa nao huo tu.

Mzee Sururu alikuwa bado amechuchumaa. Akavua kofia.

"Mimi ndiye niliyemzika," alisema. "Polisi walinihimiza, sanduku lenyewe fupi, mfuniko umekataa miguuni. Nikamwona. Mguu mmoja kijivu, mmoja njano. Nikasema moyoni, hata jambazi mkubwa hivi hukosa mtu wa kumtafutia soksi." Akamtazama. "Kumbe alikuwa naye."

Mama Fagio hakumtazama msimamizi wala Redio. Alikuwa na swali moja.

"Hawakumvua?"

"Hawakumvua, dada. Mfuniko niliupigilia misumari mimi mwenyewe. Amelala na soksi zote mbili."

Ndipo alipolia, kwa sauti, mbele za watu, kilio ambacho chini ya kitanda cha shangazi alikifungia kwa khanga. Miaka yote alisukuma vumbi apate kuwa na kitu chake kando ya mtu yule, na kitu chake kilikuwa kimo ndani siku zote, kinamfunika mguu.

Msimamizi aling'oa kigingi kwenye kaburi la Kimya kwa mkono wake. Kisha akamwambia jambo ambalo alishalitangaza mbele ya wafagiaji wote, ila Mama Fagio, kwa hofu ya vigingi, hakulisikia kama linamhusu: kaburi lenye ndugu hufunguliwa kwa ndugu. Siku yake ikifika, na isifike karibuni, atawekwa humohumo, na mumewe. Mama Fagio alilitazama tuta lililochimbuliwa. Alikuwa amejijengea kibanda kando ya nyumba yake mwenyewe, kwa kuona haya kubisha hodi.

Mzee wa getini aliuliza kwa mara nyingine kama kuna mahali au hamna. Mama Fagio akafuta uso kwa upindo wa gauni, akamwambia papo, pazuri, hapajawahi kulaliwa na mtu. Aliling'oa lile ua jekundu akaliweka pembeni, akachukua ufagio na kurudisha udongo wa juu njiani ulikotoka, na chini yake Mzee Sururu akachimba. Redio alivua koti lake bovu, akashika beleshi, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane akafanya kazi bila kusema lolote.

Jioni watu walipotawanyika, mzee alibaki ameketi kando ya mkewe na ule mkoba mapajani, ua jekundu likiwa limepandwa upya miguuni pa kaburi jipya. Mama Fagio aliegemeza ufagio ukutani. Miaka yote ile alipita hapa ameinama, akiogopa hata kusimama sana. Sasa alikaa kwenye ukingo wa kaburi la mumewe, akavua viatu, akanyoosha miguu na kuiweka juu ya udongo. Ulikuwa wa baridi. Alimtukana mumewe kidogo, kwa sauti ya chini, asije akamshtua mzee wa watu, wala miguu hakuiondoa.